Misuko ya Zaituni

Tangu amzike bintiye Zaituni, Bi Mwanaidi hapati usingizi. Nasra, mtafiti wa usingizi, alimjia na nyaya za kupimia ubongo, akasita.

"Mama, hizi lazima ziguse ngozi ya kichwa. Itabidi tufumue nywele."

"Hata msibani walitaka nifumue, nikawakatalia. Zaituni ndiye aliyenisuka."

"Zimeshachakaa, mama yangu."

"Najua. Hata chawa wameshahama."

Nasra hakucheka. "Bila kupima, sitajua nikusaidieje."

Bi Mwanaidi alipeleka mkono nyuma ya sikio, akaanza kufumua mwenyewe, polepole, machozi yakimdondokea mapajani. Msuko wa kwanza ulipoachia, nywele zilibaki zimejikunja vilevile. Akazibana kwa vidole viwili, zisinyooke.