Kaburi Ndani ya Malisho

Siku Mzee Nkwabi alipokata roho, shamba lake lilikuwa limeshapangwa kuwa malisho ya kijiji. Vijana wa mazishi walikataa kuchimba kaburi humo, kwa hiyo mkewe, Kabula, akashika jembe mwenyewe, kando ya makaburi ya wanawe wawili.

"Mama, hapa haturuhusiwi tena kuzika," mwenyekiti wa kijiji alimwambia kwa upole. "Tunazika ng'ambo ya mto. Na mkutanoni wewe mwenyewe ulinyoosha mkono."

"Nilinyoosha kwa sababu mlisema ng'ombe wanakufa njaa. Nani alisema majani yenyewe ni haya yaliyoota juu ya wanangu?"

Vijana wakatazama chini.

Kabula akainua tena jembe. Udongo ulikuwa mkavu, na shimo lilikuwa halijamfika magotini. Ng'ombe wanaingia kesho asubuhi.