Ubaridi wa Mzee Donatus

Fyuzi nyingine iliungua kabla Asteria hajamaliza karanga zake.

AC ilikuwa imeanza vizuri. Ubaridi ulipuliza usoni, Mihayo akafumba macho kwa raha, kisha akakanyaga breki na kila kitu kikanyamaza. Joto la Segese likarudi ndani ya Benzi kama mwenye nyumba aliyetoka kidogo tu. Nyuma ya gari, kwenye benchi, rafiki yake wa zamani Wiliam alipiga makofi.

"Usikanyage tena, Baba Melania," alisema Asteria. "Utanimalizia fyuzi."

Asteria alikuwa fundi umeme wa magari, binti wa mikono myepesi na maneno machache. Alishachomoa nusu ya dashibodi, na Mihayo, badala ya kusubiri kivulini na Wiliam, aling'ang'ania kiti cha dereva na kupiga soga. Wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Kesho yake ilikuwa sherehe ya kumuaga binti yake Melania, na mgeni rasmi alikuwa Mzee Donatus, mtu aliyemuuzia gari hilo. Mihayo alitaka kumfuata Kahama na kumleta amekaa kiti cha nyuma, madirisha juu, ubaridi tele, kama waziri. Halafu mbele ya ukoo mzima angesimama na kumshukuru. Maneno alishayakariri, na tangu asubuhi Asteria alishayasikia mpaka angeweza kumsaidia kuyamalizia: huyu ndiye mtu aliyenipimia haki.

Maana enzi zile Mihayo na Wiliam wakichimba Nyarugusu, wanunuzi wa dhahabu walijaa tele, na kumwamini yeyote kati yao ilikuwa kujitakia. Mzee Donatus alikuwa wa peke yake. Wenzake walipimia vibandani, upepo ukiyumbisha mizani na nzi wakitua juu yake. Yeye alikuita ndani ya Benzi hii hii, akafunga madirisha upepo usiisumbue mizani, akawasha AC, akakuletea soda kutoka kwenye buti. Mizani yake ya vikombe viwili ilisimama juu ya kiboksi cha mbao kati ya viti vya mbele, kilichotandikwa kitambaa cha kufuma. Kikombe cha dhahabu kilining'inia upande wa abiria, ulipoketi wewe muuzaji, uone vizuri; cha mawe ya kupimia kilikuwa upande wake. Hakukuharakisha, wala hakukutukana. Aliulizia watoto wako kwa majina.

Nje wachimbaji walisubiri wakitazama taa za nyuma. Mzee alikuwa na mazoea ya kuegemeza mguu kwenye breki anapopima, kwa hiyo taa nyekundu zikiwaka, watu walijua mwenzao anapimiwa, wakampigia makofi. Wiliam hajaacha mpaka leo.

Kilichomwangusha Mihayo kule ni mkono wake tu. Kila alipoiweka dhahabu kiganjani kabla ya kwenda kuuza, mkono ulimwambia uzito wake, na kila alipofika kwenye mizani uzito ukawa pungufu. Wenzake walimcheka, wakasema mkono wa Mihayo una njaa. Mwishowe naye aliusadiki mzaha huo. Akaona duara lake, shimo alilokuwa akichimba, halina kitu, akawaachia wengine, akaja Segese kufungua mashine ya kusaga. Waliolichukua duara lile sasa wana maghorofa Geita mjini. Mihayo hakuwaonea wivu. Alisema haikuwa riziki yake.

"Nimeupata," alisema Asteria kutoka chini ya dashibodi.

Alikuwa amefuata waya mmoja mwembamba, uliofungwa kwa ustadi na kupitishwa chini ya zulia. Ulianzia kwenye fyuzi ya AC, ukapitia kwenye swichi ya breki, ukaishia ndani ya kiboksi cha mbao. Alikifungua, akakung'uta vumbi la kujaza kopo. Ndani kulikuwa na kifeni kidogo, kimeganda kwa kukaa miaka bila kazi. Breki ikikanyagwa kilitaka kuzunguka kikashindwa, kikavuta umeme mpaka fyuzi ikaungua. Ugonjwa wote wa gari ulikuwa huo.

Asteria alikisafisha, akakitia tone la mafuta, akakirudisha mahali pake na kuweka fyuzi mpya.

"Hiki hakikuja na gari," alisema. "Kuna mtu alikifunga, tena fundi kweli. Na kinapulizia juu, kuna tundu hapa chini ya kitambaa. Kilikuwa cha nini, Baba Melania?"

"Cha kupoozea soda, ng'wanawane," alisema Mihayo bila kufikiri, maana Mzee Donatus alikuwa mtu wa kujali wageni.

"Soda zilikaa humu?"

Mihayo alikumbuka kwamba soda zilitoka kwenye buti. Aliinua kitambaa taratibu. Tundu lilikuwa moja tu, la mviringo, upande wa abiria.

Asteria alimuuliza kama akitoe au akiache. Mihayo alikuwa akikitazama kiganja chake cha kulia, akikigeuza huku na huku kama cha mtu mwingine. Kisha aliokota ganda la karanga lililodondoka kitini, akaliweka juu ya tundu, akaegemeza mguu kwenye breki.

Ganda liliinuka, likabaki linacheza hewani.

Nyuma ya gari taa nyekundu ziliwaka, na Wiliam akapiga makofi. "Hongera, Mihayo," alisema. "Umeshapimiwa."