Jina la Mbomoaji

Kombo alirudi mbio kutoka ofisi ya ujenzi, kibali kikimpepea mkononi.

"Mwanahija! Tumepewa miaka ishirini na miwili kabla bahari haijafika!"

Mkewe alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia na kusema, "Sisi tulipewa tisa tu! Bahari inawapenda nyie."

Kombo akaanza kuchora vyumba mchangani kwa kisigino. Mwanahija alisoma kibali hadi chini, pale ambapo kila nyumba ya pwani huandikiwa mtu atakayeibomoa maji yakifika. Nafasi ya jina ilikuwa tupu.

"Utamwandika nani?"

"Wanataka mwenye nguvu. Mimi nitakuwa nimezeeka."

"Nani, Kombo?"

"Mtoto wetu. Jina tutalipeleka ukijifungua."

Mwanahija alishika tumbo lake.

"Basi chumba chake kichore nyuma kabisa, mbali na bahari," alisema. "Aanze kubomoa chetu."