Mwandishi Kutoka Wundanyi

Siku hizi hakuna utafiti wa tiba unaochapishwa bila mwandishi mmoja kutoka familia ya mgonjwa, naye sharti asomewe kwa lugha yake hadi aseme mwenyewe, "Nimeelewa." Ndiyo maana jina la Wakesho, mkulima wa kabichi, linafuatana na majina ya maprofesa, na mashine ya kusomea inakaa jikoni kwake, kando ya chungu.

Jioni moja mashine ilimsomea kwa Kidawida, lugha ya Wataita, kitamu kama cha shangazi yake: dawa mpya ya moyo haiwasaidii kitu waliougua muda mrefu. Mumewe, Mwadime, aliyeugua moyo miaka mingi na kuimeza dawa hiyo kila asubuhi, alikuwa papo hapo akimenya mihogo.

"Rudia," Wakesho akaiambia mashine. "Sijaelewa."

Ikarudia.

"Mama Mkamburi," mumewe akasema kwa upole, "sema tu umeelewa. Tuko wengi tunaoimeza bure."

"Nawe umekuwa profesa lini? Menya mihogo." Akamfuta udongo shavuni kwa ncha ya leso. "Rudia tena. Polepole."

Asubuhi, bado hajasema "Nimeelewa," akampelekea kidonge na maji ya uvuguvugu, kama kawaida. Mwadime akamtazama, akakimeza, akamshukuru.