Nani Aligusa Kichupa cha Saba?

Kichupa cha saba nacho kilikuwa kimegeuka. Rangi iliyokuwemo ilipaswa kung'aa kwa mwanga ambao kamera pekee huuona. Sasa iling'aa nyekundu, hata kwa macho matupu.

Mtafiti alimtazama wifi yake, fundi wa maabara, aliyekuwa akiosha vyombo kwenye sinki huku amempa mgongo.

Rangi ile mtafiti aliihangaikia miaka sita. Madaktari walitaka kuwadunga wagonjwa rangi hiyo ili wakati wa upasuaji uvimbe ujionyeshe wenyewe kwenye kamera. Siku ya kuwaonyesha ilikuwa kesho. Na funguo za kabati la vichupa walikuwa nazo wao wawili tu.

"Wifi, hujavigusa vichupa vyangu?"

"Nivifanyie nini?"

Jibu halikumwingia. Kazi hii yeye ndiye aliyemtafutia wifi, lakini tangu wagombane juu ya nani amuuguze mama mkwe, wifi alikuwa akimsalimia kwa mdomo tu.

Asubuhi nzima mtafiti akakaa na vichupa vilivyobaki kama kuku na vifaranga. Kila baada ya dakika chache alivimulika kwa taa yake ya infraredi, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho, akahakikisha ni vizima. Alitoka mara moja tu, kupokea simu. Aliporudi, vitatu vilikuwa vyekundu.

"Leo utaniambia umetia nini humu!"

Wifi akakausha mikono taratibu. Akafungua droo yake, akatoa kichupa kilichoviringishwa karatasi ya alumini isiyopitisha mwanga.

"Kumbe unaiba pia!"

"Ni cha fungu lile lile. Nilikiweka wiki mbili zilizopita, maana nilijua ipo siku utanigeuzia kibao. Kipime."

Mtafiti akakinyakua, akawasha taa, akatazama kwenye kamera. Rangi ilikuwa safi, kama siku ilipotengenezwa.

"Unaona? Chako hukukiharibu!"

"Usizime taa," wifi akasema. Akarudi nyuma hadi mlangoni, mikono mfukoni. "Endelea kutazama."

Mtafiti akaendelea, jicho moja kwa wifi, jingine kwa kichupa.

Dakika ya tisa, kichupa kikaanza kuwa chekundu. Hapakuwa na mkono karibu nacho isipokuwa wake mwenyewe, juu ya swichi ya taa.