Sura ya Malkia wa Jini

Sheria iliruhusu filamu kuchukua sura ya raia yeyote kwa bahati nasibu. Sura ya Mwanamvua akapewa malkia wa hekaya ya kale, yule aliyeolewa na jini akawatilia wanawe sumu kwenye uji. Filamu ilipotoka, sokoni walimtemea mate, jirani akaacha kumwomba chumvi. Hayo aliyameza.

Asubuhi moja alimwandalia mumewe, Shee, bakuli la uji. Shee akamrudishia.

"Onja wewe kwanza."

"Miaka yote hii nakupikia, leo unaamini sinema?"

"Najua si wewe. Onja tu."

Mwanamvua akaonja, akameza. Kisha akatabasamu polepole, vilevile alivyotabasamu malkia, na akafurahi kumwona mumewe akirudi nyuma hatua moja.