Walipoishia na Kombo

Mwatime alizima taa za darasa, akawasha projekta. Lilikuwa somo lake la kwanza la anime pale chuoni, na mkuu wa idara alikaa nyuma kumpima. Katuni ya Kijapani ilipoanza tu, mdomo wa Mwatime nao ukaanza wenyewe.

"Msichana anapanda ngazi. Mvua imemlowesha nywele. Chozi limejaa jichoni, halijadondoka."

Wanafunzi wakacheka. "Mwalimu, sisi tunaona!"

Mkuu wa idara aliandika kitu.

"Nisameheni," Mwatime alisema. "Mdogo wangu Kombo alikuwa haoni. Katuni zote hizi nilizijua kwa kumsimulia yeye. Hii tuliishia hapo kwenye ngazi, jioni aliyozidiwa. Tangu tumzike sijaitazama tena."

Kicheko kikafa. Binti mmoja wa mstari wa mbele, ndiye aliyecheka kuliko wote, akafumba macho.

"Endelea, mwalimu."

Ukutani, msichana alifika juu, akashika kitasa. Mlango ukaanza kufunguka taratibu, na Mwatime, ambaye naye hakujua nyuma ya mlango huo kuna nini, akaanza kutafuta maneno.